Kiini cha Sitaha: Tuchague Nini Tunapoijenga Upya Mashua Kuukuu?

Miaka michache iliyopita, katika safari ya kuchota sampuli za maji nje kidogo ya bandari ya Tanga, kijana mmoja fundi wa maabara aliegemea nguzo ya ukingo wa mashua yetu ili avute kamba ya chupa. Nguzo ile iling'oka pamoja na bolti zake zote. Kijana aliokolewa na mwenzake aliyemdaka mkanda; nguzo na chupa vilizama. Tulipochungulia katika tundu lililobaki hatukuona ubao. Tuliona kitu cheusi, chenye maji na harufu ya uozo, kilicholegea mithili ya machicha ya nazi.

Mashua hiyo, yenye urefu wa meta 9, ilijengwa Ulaya katikati ya miaka ya 1970 kwa nyuzi za kioo na rezini ya poliesta, nasi tuliinunua ikiwa imekwisha tumika. Kwa nje ilikuwa iking'aa. Mashua za namna hii si ngeni katika bandari za mwambao wetu, na wengi wa wenye nazo hudhani kwamba, maadamu hazikujengwa kwa mbao, haziwezi kuoza. Dhana hiyo ndiyo iliyotaka kumgharimu kijana yule uhai wake.

Baada ya tukio hilo lilizuka swali: sitaha ijengwe upya kwa kitu gani? Mmoja wetu alipendekeza plaiwudi, kwa kuwa inajulikana na kila fundi. Wa pili alitaka povu gumu la plastiki, kwa kuwa haliozi. Wa tatu alisema turudishe mti uleule wa balsa uliowekwa na wajenzi wa kwanza. Katika makala haya nakusudia kueleza kazi ya kiini cha sitaha, sababu za kufa kwake, na namna ya kuchagua kiini kipya. Msomaji ataona kwamba wote watatu walikuwa na sehemu ya ukweli, na kwamba swali lenyewe halikuulizwa sawasawa.

Kazi ya kiini

Sitaha ya mashua ya nyuzi za kioo, aghalabu, si bamba moja. Ni tabaka tatu: gamba la juu, gamba la chini, na kati yake kiini chepesi kilichogandishwa imara kwa magamba yote mawili. Kiini hakijazi nafasi tu. Tuchukue bamba la nyuzi za kioo lenye unene wa milimeta 6. Tuligawe liwe mabamba mawili ya milimeta 3, kisha tuyatenge kwa kiini cha milimeta 6. Unene wote sasa ni milimeta 12. Nyuzi za kioo hazikuongezeka hata gramu moja, lakini ukakamavu wa bamba dhidi ya kupindwa umekuwa mara 7 ya ule wa kwanza. Kiini kikiwa cha milimeta 18, ukakamavu unakuwa mara 37.

Hesabu yake si ngumu. Ukakamavu hufuata mchemraba wa unene, yaani unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Tukiuita unene wa bamba la awali 1, basi sitaha ya kwanza ina unene wa 2 na kiini cha 1. Twatoa mchemraba wa kiini katika mchemraba wa unene wote: 8 kutoa 1 ni 7. Sitaha ya pili ina unene wa 4 na kiini cha 3: 64 kutoa 27 ni 37.

Lakini hesabu hiyo ina sharti. Mtu akisimama juu ya sitaha, gamba la juu hubanwa na gamba la chini huvutwa, na kila moja hutaka kuteleza juu ya jingine. Chukua mbao mbili nyembamba, zipandanishe bila gundi, kisha zipinde: utaona ncha zake zinapishana. Zitie gundi, nazo hazitapindika kwa urahisi tena. Kazi kuu ya kiini ni hiyo ya gundi: kuzuia mtelezo, na kuyaweka magamba katika umbali usiobadilika. Kiini kinapolegea au kinapoachana na magamba, ukakamavu wote wa mara 7 au mara 37 hupotea, na kinachobaki ni magamba mawili membamba yanayobonyea chini ya unyayo.

Nini huua kiini?

Fundi mzee wa majahazi tuliyemwita kututazamia kazi alipekecha uozo ule kwa kidole, akasema: "Mwalimu, mti huu haukuuawa na bahari. Umeuawa na tundu." Sayansi yakubaliana naye.

Mti huozeshwa na kuvu, na kuvu wahitaji vitu vinne: chakula, hewa, joto na maji. Chakula ni mti wenyewe. Joto wanalolipenda, kati ya nyuzi 20 na 35 za Selsiasi, twalo mwambao mwaka mzima. Hewa ipo. Kilichobaki ni maji tu, na mti ambao unyevu wake haufiki asilimia 20 ya uzito wake mkavu hauozi. Tena maji ya hatari zaidi si yale ya bahari, kwani chumvi hupunguza nguvu za kuvu. Ni maji baridi ya mvua za masika yanayotuama juu ya sitaha siku nenda siku rudi.

Maji hayapenyi katika gamba zima. Hupita penye tundu. Tulipohesabu matundu ya bolti na skrubu katika sitaha yetu tulipata 164: ya nguzo, ya vishikizo vya kamba, ya winchi, ya vifuniko na ya reli. Kila moja lilitobolewa likapita ndani ya kiini, kisha likazibwa kwa gundi laini ambayo haikutarajiwa kuishi miaka hamsini.

Nguzo ya ukingo ndiyo mbaya kupita zote, kwa sababu ni mwenzo. Mtu akiivuta nguzo yenye urefu wa sentimeta 60 kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 50, na bolti za kitako chake zikiwa zimeachana kwa sentimeta 6, basi bolti za upande mmoja zavutwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 500. Kitako hutikisika kidogo, gundi huachia, na maji huingia. Kiini hulainika, bolti hulegea, kitako hutikisika zaidi, na maji mengi zaidi huingia. Mzunguko huo hujiendesha wenyewe kwa miaka mingi bila kuonekana. Katika jahazi la mbao fundi huona ubao uliooza akaubadilisha. Katika mashua ya nyuzi za kioo uozo hujificha kati ya magamba mawili yanayong'aa.

Maunzi yaliyopo

Plaiwudi. Faida zake zajulikana: hupatikana kwa urahisi, hushika skrubu, na haibonyei bolti inapokazwa. Upungufu wake ni miwili. Kwanza ni nzito. Meta moja ya ujazo ina uzito wa kilo 600 hivi, ingawa ile ya mti wa okoume wa Gabon ni nyepesi zaidi. Pili, nyuzi za matabaka yake zimelala, na maji hukimbia kwa kufuata nyuzi za mti; tundu moja laweza kulowesha sehemu kubwa ya sitaha. Wengine hujiliwaza kwa jina la plaiwudi ya baharini. Jina hilo lahusu zaidi ubora wa matabaka na gundi isiyoachia majini. Gundi hiyo haiufanyi mti usioe: okoume, ambayo hutumika sana katika plaiwudi hiyo, huoza upesi ikilowa.

Balsa. Mti huu, ambao wataalamu huuita Ochroma pyramidale, asili yake ni nchi za joto za Amerika, na sehemu kubwa ya balsa inayouzwa duniani hutoka Ekuado. Mwaka 1947 Thor Heyerdahl na wenzake walivuka Bahari ya Pasifiki kutoka Peru kwa chelezo cha magogo ya balsa, safari ya siku 101. Ndege ya Mosquito ya Waingereza, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1940, ilikuwa na mwili wa balsa iliyobanwa kati ya matabaka ya plaiwudi. Kanuni yake ndiyo hiihii ya sitaha.

Balsa ya kiini ina uzito wa kilo 150 hivi kwa meta ya ujazo. Hukatwa vipande vifupi vinavyosimamishwa nyuzi zikiwa wima, kama fungu la mirija lililosimamishwa mezani. Kwa hiyo hustahimili mbano ajabu: hubeba mara nane au tisa ya mbano unaobebwa na povu la PVC la kilo 80. Mpangilio huo pia huchelewesha maji, kwani ni vigumu kwao kusafiri kwa kukatisha nyuzi. Lakini vipande hivyo hushikamanishwa kwa kitambaa ili viweze kufuata mviringo wa sitaha, na wajenzi wasipoijaza mifereji iliyo kati yake kwa rezini, maji hupata njia zake tayari. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika mashua yetu. Isitoshe, mti huu mwepesi una nafasi nyingi tupu. Ukishiba maji kabisa waweza kubeba mara sita ya uzito wake.

Povu la PVC. Plastiki hii ni ya ukoo mmoja na ile ya mabomba ya maji, ila imeumuliwa ikawa na vijichumba vingi vilivyofungwa. Yenye uzito wa kilo 80 kwa meta ya ujazo ndiyo itumikayo sana. Haiozi, na tundu likivuja maji hayasambai ndani yake kwa urahisi. Lakini mnunuzi hana budi kuuliza ni ya aina gani. Kuna ile ambayo molekuli zake ni minyororo isiyofungamana. Hiyo ni nyumbufu, hufaa ubavuni panapopigwa na mawimbi, lakini huanza kulainika joto likikaribia nyuzi 60. Kuna na ile ambayo minyororo yake imefungamana. Hiyo ni ngumu zaidi na huvumilia joto zaidi. Sitaha yenye rangi nzito, chini ya jua letu la mchana, yaweza kufika nyuzi 70. Kwa sitaha zetu, basi, ni ile ya pili, na rangi iwe nyeupe au ya maziwa.

Mapovu mengine. Povu jeupe la polistireni, lile la kufungia redio na televisheni, lisikaribie rezini ya poliesta: huyeyuka humo kama sukari katika chai. Povu la poliyurethani haliyeyuki, lakini ni kavu na hupukutika, na magamba huachana nalo baada ya kutikisika miaka mingi. Povu la PET, plastiki ya chupa za maji, hutengenezwa pia kutokana na chupa zilizokwisha tumika. Huvumilia joto vizuri, ila hudai uzito mkubwa zaidi ili lilingane nguvu na lile la PVC. Masega ya polipropilini nayo ni mepesi na hayaozi, lakini plastiki hiyo haishikani na gundi. Hununuliwa ikiwa imekwisha vikwa kitambaa maalumu pande zote mbili.

Mizani na kilo

Tufanye hesabu ya sitaha yenye eneo la meta za mraba 10 na kiini cha milimeta 12. Ujazo wa kiini ni meta za ujazo 0.12. Kiini cha povu la PVC kitakuwa na uzito wa kilo 9.6, cha balsa kilo 18, cha plaiwudi kilo 72. Ni kweli kwamba balsa hunywa rezini nyingi zaidi wakati wa kazi, hivyo tofauti yake na povu hupungua. Lakini tofauti kati ya povu na plaiwudi ni zaidi ya kilo 60, sawa na mtu mzima anayekaa sitahani usiku na mchana bila kushuka. Uzito ulio juu huipandisha kitovu cha uzito cha mashua, na mashua huyumba zaidi. Kwa upande mwingine, ile balsa ya kilo 18 ikishiba maji yaweza kupita kilo 120. Hivyo kiini kikavu cha plaiwudi ni chepesi kuliko kiini cha balsa kilichovuja.

Kila mahali na kiini chake

Hapa ndipo tulipoliona kosa la swali letu la awali. Tuliuliza sitaha ijengwe kwa kitu gani, kana kwamba sitaha yote hufanya kazi moja. Yafaa kuuliza hivyo kwa kila sehemu yake.

Mahali pa kukanyaga tu, pasipo na bolti, shida ni mtelezo na joto. Hapo povu la PVC lililofungamana au balsa vyote vyafaa. Chini ya mlingoti unaosimama juu ya sitaha, shida ni mbano. Hapo povu la kilo 80 litabonyea, na balsa, povu zito zaidi au tabaka tupu la nyuzi za kioo ndivyo vinavyotakiwa. Chini ya nguzo, winchi na vishikizo vya kamba kuna mbano, mvuto na tundu kwa pamoja. Hapo dawa bora ni kukiondoa kiini kabisa na kujaza matabaka ya nyuzi za kioo, ili hata tundu likivuja maji yasikute cha kuozesha.

Kama kiini cha zamani bado ni kizima na bolti ni chache, kuna njia nyepesi. Bolti ya milimeta 8 itobolewe tundu la milimeta 16 lipitalo gamba la juu na kiini, gamba la chini likibaki. Tundu lijazwe epoksi iliyokolezwa unga wa kuipa uzito, na ikiisha kuganda litobolewe tena kwa kekee ya milimeta 8. Sasa bolti imezungukwa na ganda la epoksi, wala haigusi kiini. Chini yake liwekwe bamba pana la chuma kisichoshika kutu au la nyuzi za kioo, badala ya vile vibati vidogo vya duara vilivyolipasua gamba letu siku ile.

Kazi yenyewe katika hewa yetu

Kabla ya kukata, gonga sitaha yote kwa nyundo ya plastiki. Penye uzima husikika mlio mkali; palipooza husikika mlio butu. Chora mpaka kwa chaki, kisha utoboe vitundu vidogo uone chembe zitokazo kama ni kavu na nyeupe au ni nyeusi na mbichi. Tegemeza sitaha kwa nguzo kutoka chini kabla ya kulikata gamba la juu, la sivyo mviringo wake utapotea na hautarudi. Gamba linaporudishwa, kingo zake zichongwe mteremko mrefu, mara 12 ya unene: gamba la milimeta 3 lahitaji mteremko wa milimeta 36 kila upande wa kiungo, na matabaka mapya yapite juu yake.

Kuunganisha kipya na cha zamani epoksi ni bora kuliko poliesta, kwa kuwa hushika zaidi juu ya rezini iliyokwisha ganda. Lakini mkeka wa nyuzi fupi uliotengenezwa kwa ajili ya poliesta mara nyingi una gundi isiyoyeyuka katika epoksi. Tumia kitambaa kilichofumwa au kushonwa.

Hewa ya mwambao nayo ina masharti yake. Mti ulioachwa katika unyevunyevu wa hewa wa asilimia 80 hutulia ukiwa na asilimia 15 au 16 ya maji, ilhali balsa inayogandishwa yatakiwa isizidi asilimia 12. Kwa hiyo ihifadhiwe ndani ya nailoni iliyofungwa, na ifunguliwe siku ya kazi. Epoksi nayo huganda kwa kasi karibu maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Kopo linalodumu nusu saa katika nyuzi 20 halitazidi robo saa katika nyuzi 30. Fanya kazi alfajiri, changanya kidogo kidogo, na utumie kigumishi cha polepole.

La mwisho ni la afya. Vumbi la nyuzi za kioo livaliwe barakoa, na epoksi isiguse ngozi, kwani ngozi ikiisha kuichukia haiisamehe tena. Wanaotumia poliesta wakumbuke kwamba kianzishi chake hupofusha macho kikiruka, na kwamba kisichanganywe kamwe moja kwa moja na kiharakishi cha kobalti: viwili hivyo vikikutana bila rezini hulipuka.

Sisi tuliweka povu la PVC lililofungamana mahali pa kukanyaga, na chini ya kila nguzo tukajaza nyuzi za kioo tupu. Kila masika yanapokwisha, watu wawili huizunguka sitaha kwa nyundo ya plastiki, na kila kitako kinachotikisika hufunguliwa kikazibwa upya siku hiyohiyo. Kijana yule wa maabara angali nasi. Haegemei nguzo yoyote kabla hajaitikisa kwanza kwa mkono. Nawaombea wenye mashua kuukuu desturi hiyo, maana haigharimu hata senti moja.